Siku Niliyowagawa Samaki wa Baba

Kaka yangu Boni amekuja leo mchana na ndoo ya perege. Hakupiga simu wala hakuuliza kama nipo. Ameshuka tu kwenye bodaboda na ndoo yake, akaitua kizingitini kwangu na kusema, "Wametoka Kamsamba, wabichi kabisa." Kisha akaingia sebuleni kumsalimia Mama, mimi nikabaki nimeinamia ndoo. Miezi miwili iliyopita tulimzika Baba hapahapa Tunduma na Boni hakuwepo. Alisema kwenye simu kwamba yuko na lori Zambia, sijui foleni, sijui karatasi, sijui nini. Tangu siku hiyo hatujasemezana. Sasa ameniletea samaki! Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma, nikachukua kisu.

Nimewakwangua magamba kwa hasira mpaka mengine yamenasa kwenye nywele. Nikawapasua, nikawaosha, nikawapaka chumvi na ndimu. Ilipopanda ile harufu ya ndimu juu ya samaki mbichi, nikakumbuka kwamba nimeshawahi kuchoshwa hivihivi, na watu hawahawa, kwa ajili ya samaki hawahawa. Nilikuwa na miaka minane.

Kwetu samaki alikuwa na sheria yake. Baba alizaliwa Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akaja Tunduma akiwa kijana na kupata kazi ya kuhangaika na karatasi za malori kwa wakala mmoja wa forodha. Alivaa shati la mikono mirefu na kalamu mbili mfukoni, lakini moyoni alibaki mtu wa ziwani, na watu wa ziwani, kwa maelezo yake, hawaongei wakila samaki. Samaki ana miiba. Mtu anayeongea hatafuni vizuri, na asiyetafuna vizuri anakwamwa na mwiba. Basi sahani ikishatua mkekani hakuna habari, hakuna swali, hakuna kuomba hata chumvi. Ukitaka chumvi unaonyesha kwa kidole. Ukifungua mdomo kwa jambo lolote lisilo tonge, Baba alikuwa anasema neno moja tu, "Samaki!", nawe unaufunga. Wageni walidhani anawataja samaki kwa kuwasifia.

Mama alikuwa Mnyiha wa Iyula, binti wa mkulima wa kahawa. Kwao mboga ilikuwa maharage, majani ya maboga, na kuku siku ya sikukuu, na watu walikula huku wanasimuliana mpaka ugali unapoa. Samaki alijifunza kupika kwa Baba. Alijifunza vizuri kuliko mwalimu wake, sitaficha. Aliwakaanga kidogo kwanza mpaka ngozi ikaze, akawatoa, akaunga nyanya na kitunguu, kisha akawarudisha taratibu kwenye rojo na kufunika. Hakuwakoroga. Alishika sufuria masikio yote mawili kwa kitambaa na kuitikisa, ili samaki wasivunjike. Mimi kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa. Moshi ulinifuata kila nilikohamia, nikilalamika ananiambia moshi unawapenda watoto wabishi.

Mwaka ule babu wa Iyula, baba yake Mama, akafariki. Tulipanda gari hadi Vwawa, kutoka pale tukatafuta usafiri wa kupanda milimani, Mama mbele na kanga mbili, mimi na Boni nyuma yake. Baba alisema atatufuata. Kwa ukoo wa Mama, wakwe ndio huchimba kaburi la baba mkwe wao. Ndiyo heshima yao ya mwisho kwa mzee aliyewapa binti. Wajomba walikuwa wameandaa majembe manne kwa wakwe wanne. Matatu yalienda makaburini. La nne lilibaki limeegemezwa ukutani, karibu na matenga ya kahawa, na kila mwombolezaji aliyeingia uani alilitazama na kumtazama Mama. Mjomba mkubwa aliuliza mara moja tu, "Mkwe wa Tunduma yuko wapi?" Mama akasema, "Yuko njiani." Alisema hivyo siku ya kwanza na siku ya pili. Babu akazikwa. Baba alifika siku ya tatu, viatu vimejaa vumbi, mikono mitupu, akasema, "Kazi za mpakani."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walimpa kiti, wakampa maji, wakaendelea na mambo yao.

Tuliporudi Tunduma, Mama aliacha kuongea na Baba. Hakuacha kumpikia wala kumfulia, aliacha kumwambia maneno. Na kwa kuwa nyumba haiwezi kwenda bila maneno, nikageuzwa simu. "Neema, mwambie baba yako maji ya kuoga tayari." Baba yuko palepale, amekaa kwenye stuli, mguu wake unagusa ndoo yenyewe. Nilimgeukia na kusema, "Baba, Mama anasema maji ya kuoga tayari." Naye, mtu mzima mwenye kalamu mbili, ananijibu, "Mwambie mama yako nashukuru." Namgeukia Mama, "Anashukuru." Jamani! Chumba chenyewe kilikuwa hatua tano kwa nne. Nilikuwa natoka shuleni nimechoka kusoma, naanza kazi ya pili ya kupeleka salamu kutoka kwenye kiti hadi kwenye mkeka. Boni alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa mjanja, akisikia kikohozi cha Mama tu anatoka kwenda kucheza mpira.

Kisha Baba akaanza kuleta samaki. Zamani tulikula samaki mara moja kwa wiki, kama Mungu amependa. Sasa akawa analeta kila baada ya siku mbili: perege, migebuka, kambale waliokaushwa, hata dagaa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Anaingia, anaweka mfuko karibu na jiko, anakohoa, anatoka. Mama anapika, tena anapika vizuri kwa hasira. Tunakaa mkekani, na sheria inaingia kazini. Hapo hata kazi yangu ya simu ilisimama. Zilisikika taya tu, na miiba ikitemwa pembeni ya sahani.

Mimi mtoto wa miaka minane nilifanya hesabu yangu. Siku ya maharage, nyumba ina maneno kidogo, japo yanapitia kwangu. Siku ya samaki hakuna neno hata moja mpaka kesho yake. Na samaki wamezidi kuja, na ukimya umezidi. Nikaamua kwamba samaki ndio wanaoleta ugomvi. Nilikuwa nimemwangalia samaki kwenye beseni, mdomo unafunguka na kufungika na hakuna sauti inayotoka, nikaelewa kabisa: ukimla sana unakuwa kama yeye. Nilimweleza Boni. Akasema mimi ni mjinga, ila usiku ule aliacha nusu ya samaki wake sahanini.

Pengine ningevumilia. Lakini jioni moja nilimsikia Mama akiongea na jirani yetu, Bana Mulenga, yaani Mama Mulenga kwa lugha yao, Mbemba wa Zambia aliyeolewa upande wetu, mwanamke mnene mwenye kicheko. Walikuwa wanaanua nguo. Mama akasema, "Shule zikifungwa nawachukua watoto nakwenda Iyula. Mama yangu amebaki peke yake." Bana Mulenga akauliza tutarudi lini. Mama akakunja shuka, akalikunja tena. Usiku huo niliona begi la bluu, lile linalokaa juu ya kabati mwaka mzima, limeshushwa chini na limefutwa vumbi. Zilibaki wiki mbili shule zifungwe.

Kesho yake Baba akaleta perege wanne. Mama aliwasafisha, akawaweka chumvi na ndimu kwenye bakuli la bati lenye maua mekundu, akalifunika, akajitwisha debe la mahindi kwenda mashineni kusaga. "Neema, angalia paka," akaniambia.

Nilikaa nikimwangalia paka. Paka alikuwa amelala juu ya ukuta, hana habari na mtu. Nikawafunua samaki. Walikuwa wanne, macho yao wazi, midomo wazi. Nikalibeba bakuli kama lilivyo, na kifuniko chake, nikavuka uani hadi kwa Bana Mulenga na kusema, "Mama amesema mle." Yeye akaweka chini kile alichokuwa anatwanga, akapiga makofi mara tatu kwa kushukuru kama wafanyavyo kwao, "Natotela, natotela sana, mwanangu!" Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilijua nimeokoa familia yangu, na kwamba walikuwa hawanistahili.

Mama akarudi na unga. Akatafuta juu ya meza, chini ya meza, nyuma ya mtungi.

"Samaki wako wapi?"

"Paka," nikasema.

"Paka amekula samaki wanne?"

"Ndiyo."

"Na bakuli?"

Sikuwa nimelifikiria bakuli.

"Neema, ni paka wa wapi huyo anayebeba bakuli na kifuniko?"

Nikaangalia miguu yangu. Mama akavuta pumzi ndefu, akasema, "Wewe na mimi tutaongea," na kwa kuwa Baba alikuwa ameshaingia uani ananawa mikono, akapasha moto maharage ya mchana. Jua lilikuwa bado halijazama. Tukakaa mkekani wote wanne. Baba akafunua bakuli la mboga, akatazama, akafunika, akafunua tena kana kwamba safari hii yatabadilika.

"Samaki wako wapi?" akauliza. Alimuuliza Mama mwenyewe, bila kupitia kwangu. Nadhani alisahau.

Mama hakusahau. "Neema, mwambie baba yako samaki wameliwa na paka."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda nilikuwa nimechoka tu. Mtoto naye huchoka, ila watu wazima hawapendi kusikia. Nikaweka tonge langu chini na kusema, "Mwambie mwenyewe, Mama. Leo si samaki. Leo ni maharage, watu wanaongea."

Boni alikodoa macho. Nilisubiri kofi, na lilikuwa halali yangu. Halikuja. Mama alikuwa ananitazama mimi, kisha akageuza kichwa polepole akamtazama Baba, kwa mara ya kwanza tangu Iyula.

"Haya," akasema. "Ulikuwa wapi, Baba Boni? Baba yangu anashushwa kaburini, ulikuwa wapi?"

"Mama Boni, watoto wapo..."

"Watoto walikuwepo na kule. Waliona jembe lako. Siku mbili jembe lako limesimama ukutani. Nimesema yuko njiani, yuko njiani, mpaka nikaona aibu kufungua mdomo. Ulikuwa wapi?"

Baba akakuna shingo. Akamtazama Boni, akanitazama mimi, akaona hakuna wa kumpelekea ujumbe. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo mno kwa mwanaume wa umbo lake, "Nilikuwa nasubiri samaki."

"Unasubiri nini?"

"Samaki. Niliagiza Kasanga matenga mawili ya migebuka. Kwetu mtu haendi msibani kwa mkwe wake mikono mitupu. Unakwenda na samaki, waombolezaji wanakula, watu wanajua kwamba marehemu alikuwa na mkwe. Lori likaharibika Laela. Kila saa wananiambia linatoka, linatoka. Nikakaa pale barabarani siku mbili. Lilipofika samaki walikuwa wameharibika wote, nimewamwaga. Ningesemaje mbele ya wajomba zako? Kwamba nimekosa maziko kwa sababu ya samaki waliooza?"

Mama akaviringisha tonge kiganjani bila kulila. Nikaogopa kwamba maharage nayo yameshindwa kazi.

"Baba Boni," akasema hatimaye, "baba yangu alikuwa hali samaki."

"Nini?"

"Hakuwahi kula samaki maisha yake yote. Akisikia harufu yake tu anatoka nje."

"Lakini nilikuwa namletea! Kila mwaka! Alikuwa anapokea kwa mikono miwili!"

"Alikuwa anakuheshimu. Ukishaondoka anawagawia majirani."

Sijawahi kuona mtu mzima akipigwa na neno namna ile. Miaka yote ile ya migebuka iliyofungwa kwa majani, iliyosafirishwa kwa mabasi, iliyobebwa kichwani mpaka Iyula, ilikuwa inaishia kwenye masufuria ya majirani. Baba akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua, na mimi nikawaza perege wangu wanne, nikaona wazi kwamba nilikuwa nimekosea mahali.

Hapo ndipo ikasikika sauti mlangoni, "Hodi humu!", na Bana Mulenga akaingia na bakuli la bati lenye maua mekundu. Kwetu, hata kwao ng'ambo, hakuna mwanamke mwenye akili anayerudisha bakuli la mwenzake tupu, na yeye alikuwa amelijaza chikanda, ule mkate wa mizizi na karanga unaopikwa kwao. Akaliweka katikati yetu, akapiga magoti kidogo. "Mama Boni, natotela. Samaki walikuwa watamu, hata mume wangu amelamba vidole. Mungu akuongezee." Kisha akahisi hali ya hewa, akaaga upesi.

Wote wakanigeukia.

"Kumbe paka mwenyewe huyu," Mama akasema.

Nikaanza kulia. Nikawaambia yote, kwa kwikwi: kwamba wakila samaki hawaongei, kwamba samaki wanawanyang'anya sauti, kwamba begi la bluu limeshushwa, kwamba mimi sitaki kwenda Iyula kama Baba haendi, na kwamba nimechoka kuwa simu. Nilipofika kwenye simu, Mama akafunika uso kwa kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Alilia kilio cha baba yake, kile ambacho nadhani hakukimaliza kule kwa kuwa alikuwa anashughulika kumtetea mume wake, na katikati ya kilio kikachomoza kicheko, akawa analia na kucheka, anasema, "Samaki! Jamani, samaki!" Na kwa mara ya kwanza neno lile kwetu halikumfunga mtu mdomo.

Msidhani yaliisha hapo. Mama hakumsamehe jioni ile. Mimi nilichapwa kwa uongo wa paka, fimbo mbili, na chikanda nikanyimwa. Ila kuanzia kesho yake waliongea wao kwa wao, hata kama ni kwa kufokeana, mimi nikastaafu. Shule zilipofungwa tulikwenda Iyula na begi la bluu, Baba naye akaja, safari hii bila samaki, amebeba jembe. Alilima shamba la kahawa la Babu wiki nzima, mikono ikatoka malengelenge, wajomba wanampita bila kusema kitu. Siku ya nne mjomba mkubwa akamletea maji ya kunywa. Tuliporudi Tunduma tulirudi wote, na begi likapanda juu ya kabati.

Sheria ya samaki haikufutwa, Baba asingekubali. Mama aliiongezea tu kipande chake. Samaki wakiwa bado jikoni, alikuwa anasimama mlangoni na kitambaa cha sufuria mkononi na kuuliza, "Kuna mwenye neno? Aseme sasa, sijaepua." Na tulisema. Tulisema mambo ya shule, ya viatu, ya nani kamsukuma nani. Wakati mwingine Baba na Mama walikuwa na mengi, na samaki walikaa motoni mpaka wakavurugika kabisa, tukala rojo lenye miiba. Nilikereka sana na rojo lile. Leo ningelipa chochote kulila tena, na Baba ameinama juu ya sahani yake, anatema miiba bila neno.

Hayo yote nimeyawaza nikipepea mkaa huku machozi yananitoka, na si yote ya moshi. Kumbe familia nzima haiwezi hata kubuni kosa jipya! Mtu anakosa maziko, anakuja na ndoo ya samaki, anakohoa, anasubiri sheria ya baba yake imfiche. Perege nimewakaanga, nimeunga nyanya, nimewarudisha kwenye rojo, nimetikisa sufuria kwa masikio yote mawili. Waliiva dakika nyingi zilizopita. Boni ametoka sebuleni, amesimama mlangoni pa jiko, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, anauliza kama sahani azitoe yeye.

Nimechukua koleo, nikatoa mkaa mmoja, nikatoa na wa pili, mpaka moto ukabaki wa kupasha tu. Nikamsogezea kigoda kwa mguu.

"Kaa hapo, Boni. Ulikuwa wapi?"

Akakaa. Kutoka sebuleni, Mama, ambaye pua yake inajua samaki aliyeiva kuliko pua yoyote Tunduma nzima, akapaza sauti, "Neema, hao samaki bado tu?"

"Bado, Mama," nikasema.

"Haya," akajibu. "Wasiive haraka."